Shime, kocha aliyeifikisha Serengeti Girls robo fainali ya dunia

KOCHA Bakari Shime aliwahi kuinoa Mgambo JKT ya Tanga, lakini jina lake limejengwa na soka la wanawake.

Oktoba 2022 nchini India, Serengeti Girls yake ilichapwa 4-0 na Japan. Siku tatu baadaye iliilaza Ufaransa 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Canada na kutinga robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, ilikong’olewa na Colombia.

Mwaka 2025 aliiongoza Twiga Stars katika fainali za Afrika nchini Morocco, ikaambulia sare na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi.

Nyanda za Juu Kusini, Iringa imepeleka Ceasiaa Queens Ligi Kuu ya Wanawake; Mbeya hutajwa zaidi kwa Prisons na Mbeya City, za wanaume.