Theluji ya Kibo na Msitu Uliosahauliwa



Juma hili tunawaalika kupanda Mlima Kilimanjaro pamoja nasi, si kwa miguu bali kwa fikra. Mtu akitajiwa mlima huu huiona theluji kwanza. Johannes Rebmann aliiona tarehe 11 Mei 1848, na wasomi wa Ulaya wakambishia, wakisema haiwezekani theluji ikae karibu na Ikweta. Leo mabishano ni mengine. Ramani iliyotokana na upimaji wa Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler mwaka 1912 ilionyesha barafu yenye eneo la kilometa za mraba 12 hivi. Ilipofika mwaka 2007 hazikusalia hata 2. Ndiyo maana swali husikika kila mahali: theluji ikiisha, watu wa mlimani watakunywa nini?

Swali hilo ni la haki, lakini limeelekea upande usio wake. Maji yanayotiririka katika mifongo ya Wachagga, yanayonywesha migomba na kahawa ya vihambani, na yanayoshuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani, hayatoki kwenye theluji ila kwa sehemu ndogo sana. Barafu ya Kibo ni kidogo, na sehemu yake kubwa hupotea hewani kama mvuke pasipo kufika kijito chochote. Maji yetu hutoka msituni. Mvua nyingi ya mlima hunyesha katika ukanda wa misitu, na udongo wake huinywa kisha huitoa polepole, hata miezi ya kiangazi. Juu zaidi, karibu na meta 3,000, miti hufanya kazi nyingine ambayo wengi hawaijui: hukamua ukungu. Matawi ya miti ya jamii ya erika, yenye majani membamba na ndevu za kijivu zinazoning'inia, hunasa matone ya wingu linalopita na kuyadondosha chini. Mti ukiondoka, wingu hupita na maji yake.

Basi tuitazame historia ya msitu huu, maana ndani yake mna funzo kwa majira haya ambapo hali ya hewa inabadilika mbele ya macho yetu.

Kabla ya wageni, Wachagga waliishi chini ya msitu na kuutegemea kwa kuni, majani ya mifugo, asali, miti ya kujengea na, zaidi ya yote, maji. Mfongo ulianzia kwenye bonde la juu, na ukoo uliouchimba ulikuwa na haki juu yake na wajibu wa kuutunza. Asiyekwenda kuzibua mfongo hakupewa zamu ya maji. Haki na wajibu vilikwenda pamoja, na hilo ndilo tunaloomba mlikumbuke hadi mwisho wa makala hii.

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Kijerumani ililitenga eneo la msitu, na mwaka 1921 utawala wa Kiingereza ukalitangaza rasmi kuwa hifadhi. Mpaka ukachorwa: juu ni msitu wa serikali, chini ni watu. Lakini watu walikuwa wakiongezeka, kahawa imeenea, na ardhi ya vihamba haikutosha. Kuni na majani vingetoka wapi, isipokuwa ng'ambo ya mpaka ule? Mlinzi akawa adui wa jirani, na jirani akawa mwizi wa kitu alichokiona kuwa chake.

Mwaka 1941 lilipatikana jibu ambalo kwa maoni yetu lilikuwa la busara. Katika miteremko ya kusini na mashariki ulitengwa ukanda mwembamba kwenye ukingo wa chini wa hifadhi, wenye upana wa nusu maili, yaani meta 800 hivi. Usimamizi wake ulikabidhiwa Baraza la Wachagga. Humo wananchi walipata kuni, majani na miti ya kujengea. Humo pia ilipandwa miti ili ile ya asili iliyo juu isiguswe. Ukanda ule ulikuwa kama baraza ya nyumba: mahali ambapo mgeni na mwenyeji hukutana bila kuingia chumbani. Hatusemi kwamba haukuwa na dosari. Tunasema tu kwamba aliyeishi karibu na msitu alikuwa na sauti katika kuutunza, na alipata faida iliyo halali.

Baada ya Uhuru Baraza lile lilivunjwa pamoja na tawala nyingine za jadi. Usimamizi wa nusu maili ukahama mikono, mara kwa halmashauri, mara kwa serikali kuu, na halmashauri zenyewe zikafutwa mwaka 1972 na kurudishwa miaka ya 1980. Kitu kinachobadilisha mwenyewe kila mara huishia kutokuwa na mwenyewe. Mwaka 1984 amri ya Rais ilipiga marufuku uvunaji wa miti ya asili mlimani. Amri ilikuwa nzuri, lakini watafiti waliporuka kwa ndege juu ya msitu mwaka 2001 waliona yaliyofichika: mikulo, ule mti wa mbao za thamani, imekatwa kwa wingi, matanuri ya mkaa yanafuka moshi, na mashamba yamechimbwa katikati ya hifadhi. Marufuku ilikuwa karatasini. Shoka lilikuwa msituni.

Serikali ilijibu kwa kuuingiza msitu wote ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Ukataji ulipata mlinzi mwenye nguvu zaidi, nasi hatuwezi kulibeza jambo hilo. Lakini ile nusu maili nayo ilimezwa na hifadhi. Mama aliyezoea kupata kuni na majani ya ng'ombe katika ukanda ule sasa alihesabiwa kuwa mvamizi, na malalamiko hayo yamedumu kwa miaka mingi.

Tukiwa tumeutazama ukingo wa chini kwa muda mrefu hivyo, hatukuona kwamba msitu unaliwa pia kutoka juu. Anayeula huko ni moto. Hali ya hewa ya mlimani imekauka tangu mwishoni mwa karne ya 19, na joto limepanda. Cheche ya mrina asali, ya mwindaji au ya mpagazi anayepasha chakula, ambayo zamani ingezimwa na unyevu wa majani, sasa hukuta nyasi kavu. Kwa makadirio yaliyotolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2016, moto umeteketeza hekta zipatazo 13,000 za msitu wa mlima huu tangu mwaka 1976, hasa ile miti ya juu inayokamua ukungu. Ukingo wa juu wa msitu umeteremka kwa mamia ya meta. Mwezi Oktoba 2020 moto uliunguza kilometa za mraba zaidi ya 95, na Oktoba 2022 mlima uliwaka tena.

Erika si mti dhaifu. Ukiungua, huchipua tena kutoka shinani. Ila huhitaji miongo ya miaka kuwa msitu, na moto ukirudi kabla ya hapo, hubaki kichaka, na baada ya kichaka ni nyasi. Kwa hiyo dawa ya kwanza si kupanda miche mbele ya kamera, bali ni kuyapa maeneo yaliyoungua miaka mingi bila moto. Na ni nani atakayeuona moshi kwanza, akapiga mbiu, akapanda na panga na matawi mabichi kabla moto haujawa mkubwa? Ni yuleyule jirani wa ukingoni. Mwaka 2020 mamia ya watu walipanda kuupambana na moto, wakiwamo wanavijiji wa kujitolea.

Wapendwa, hapa ndipo historia inapotubana. Hatuwezi kumwita mtu mwizi mwaka mzima, kisha mwezi Oktoba tumwite mzimaji moto. Wazee wa mfongo walijua kwamba anayetakiwa kuzibua sharti apewe zamu ya maji. Waliochora nusu maili walilijua pia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inazungumzia usimamizi wa pamoja kati ya serikali na wananchi; kwa ukingo wa Kilimanjaro jambo hilo bado ni deni.

Theluji huenda tukaikosa, na wajukuu wetu wataiona pichani. Watahuzunika, lakini wataishi. Msitu wakiukosa, watakuta mifongo imekauka na vihamba vimenyauka, nao watatuuliza tulikuwa tukitazama wapi.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.