Basil D'Oliveira

Basil Lewis D'Oliveira (4 Oktoba 1931 – Novemba 2011) alikuwa mchezaji wa kriketi mzaliwa wa Cape Town, Afrika Kusini, aliyeichezea Uingereza mechi 44 za Testi, yaani mechi za kimataifa za siku tano, kati ya mwaka 1966 na 1972. Alihamia Uingereza kwa sababu sheria za ubaguzi wa rangi hazikumruhusu kuichezea nchi aliyozaliwa. Anajulikana zaidi kwa mkasa wa mwaka 1968, wakati serikali ya Afrika Kusini ilipokataa kuipokea timu ya Uingereza kwa kuwa yeye alikuwa mmoja wa wachezaji wake. Miaka miwili baada ya mkasa huo Afrika Kusini ilikuwa nje ya kriketi ya kimataifa, nayo haikurudi hadi mwaka 1991.

Maisha ya awali

D'Oliveira alikulia Signal Hill, mtaa wa mlimani juu ya mji wa Cape Town, karibu na Bo-Kaap. Familia yake ilihesabiwa miongoni mwa "Machotara", mojawapo ya makundi ambayo serikali ya Makaburu iliwagawa watu wake. Alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, na siku za mapumziko alichezea klabu ya St Augustine's. Alicheza pia mpira wa miguu.

Ubaguzi michezoni ulikuwapo tangu zamani, lakini baada ya uchaguzi wa mwaka 1948 ulizidi kukazwa. Wazungu walikuwa na viwanja vya nyasi, makocha na timu ya taifa. Watu wengine walicheza kwenye viwanja vya changarawe ambavyo klabu kadhaa zilitumia kwa zamu, na mahali pa kurushia mpira palitandikwa mkeka. Katika uwanja wa namna hiyo mpira hudunda ovyo, na mpigaji asiye na jicho kali na mikono myepesi hadumu. Wachunguzi wengi wa mchezo huu wameeleza kwamba mtindo wake wa baadaye, wa kusubiri mpira hadi dakika ya mwisho na kuupiga kwa nguvu bila kuinua mikono sana, ulitokana na mazingira hayo.

Vyama vya wachezaji wasio wazungu vilikuwa na mashindano yao, na hata mechi za kimataifa, ingawa hazikutambuliwa rasmi. Mwaka 1956 timu ya Waasia wa Kenya ilizuru Afrika Kusini, na D'Oliveira alikuwa nahodha wa wenyeji. Mwaka 1958 aliongoza timu ya Waafrika Kusini wasio wazungu katika ziara ya Afrika Mashariki. Hivyo watazamaji wa Kenya walimwona kabla Waingereza hawajalijua jina lake.

Safari ya Uingereza

Mwaka huohuo wa 1958 alimwandikia barua John Arlott, mtangazaji mashuhuri wa kriketi wa BBC, akiomba msaada wa kupata kazi ya kucheza Uingereza. Hawakuwa wakijuana. Arlott alimjibu, akaanza kumtafutia nafasi akisaidiwa na mwandishi wa habari John Kay. Haikuwa rahisi, kwani hakuna klabu iliyokuwa tayari kumlipa mtu ambaye takwimu zake hazikuandikwa katika kitabu chochote rasmi. Mwaka 1960 klabu ya Middleton, ya ligi ya Central Lancashire, ilimkosa mchezaji wa kulipwa iliyomtarajia, ikakubali kumjaribu D'Oliveira kwa pauni 450 kwa msimu mzima.

Fedha hizo zilikuwa chache mno kwa mtu aliyepaswa kujilipia nauli. Watu wa Cape Town walichanga kwa bahati nasibu, mechi na michango midogomidogo, wakiongozwa na mwandishi wa michezo Benny Bansda. Ndivyo alivyoondoka, akimwacha mkewe Naomi akiwa mjamzito. Baadaye alisimulia jinsi alivyoshangaa London kuona hakuna milango tofauti ya watu weusi, na kwamba mhudumu mzungu angeweza kumletea chakula mezani.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Viwanja vya Lancashire vilikuwa na maji na mpira haukudunda kama alivyozoea, naye hakuwahi kufundishwa na kocha yeyote. Alijifunza upya kwa kuangalia na kuuliza. Kabla msimu haujaisha alikuwa miongoni mwa wapigaji bora wa ligi ile, ambamo alicheza pia Garfield Sobers wa West Indies.

Tom Graveney, mpigaji wa Worcestershire, alimshawishi kuingia katika kriketi ya kaunti. Alijiunga na kaunti hiyo mwaka 1964, na baada ya kutimiza muda wa ukaazi uliotakiwa alianza kucheza ligi kamili ya kaunti mwaka 1965. Alifunga mikimbio zaidi ya 1,500 katika msimu wake huo wa kwanza, na Worcestershire ikatwaa ubingwa.

Swali la umri wake lina historia yake. Alipofika Uingereza alijipunguzia miaka, na kwa muda vitabu viliandika mwaka 1934. Alieleza baadaye kuwa hakuna kaunti ambayo ingemsajili kama ingejua kwamba ameshapita thelathini. Tarehe inayokubaliwa na wengi ni ya mwaka 1931, na kwa hesabu hiyo alicheza Testi yake ya kwanza akiwa na miaka 34, umri ambao wengi hustaafu.

Timu ya taifa ya Uingereza

Alikuwa amekwisha kupata uraia wa Uingereza alipoitwa kucheza dhidi ya West Indies mwezi Juni 1966 katika uwanja wa Lord's. Alifikisha mikimbio 27 kabla ya kutolewa kwa bahati mbaya akiwa nje ya mstari wake. Katika mechi zilizofuata za mfululizo huo alifunga 76, 54 na 88. Mwaka 1967 alifikisha mia kwa mara ya kwanza, 109 dhidi ya India mjini Leeds, na kitabu cha mwaka cha Wisden kilimtaja kuwa mmoja wa wachezaji watano bora. Ziara ya West Indies ya mwanzoni mwa 1968 haikumwendea vizuri.

Mkasa wa mwaka 1968

Uingereza ilipangiwa kuzuru Afrika Kusini mwishoni mwa mwaka 1968. Ziara ziliendeshwa wakati huo na klabu ya Marylebone (MCC). Mwezi Machi Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, alimweleza Lord Cobham, aliyewahi kuwa rais wa MCC, kwamba ziara haitafanyika iwapo D'Oliveira atakuwamo. Cobham aliandika barua kuhusu jambo hilo. Viongozi wachache wa klabu waliiona, lakini hawakuifikisha kwa kamati nzima.

Mwezi Juni D'Oliveira alifunga 87 bila kutolewa katika Testi ya kwanza dhidi ya Australia, mikimbio mingi kuliko mwenzake yeyote katika zamu ile. Hata hivyo aliachwa katika mechi iliyofuata. Kwa maelezo yake mwenyewe, alishauriwa kutangaza kwamba hapatikani kuichezea Uingereza bali angependa kuichezea Afrika Kusini, ili ziara iokolewe. Alikataa kwa hasira. Baadaye alitokea mtu mwingine, Tienie Oosthuizen, mwakilishi wa kampuni ya sigara, akimwahidi kazi ya ukocha Afrika Kusini kwa pauni 4,000 kwa mwaka, kwa sharti kwamba ajitoe kabla timu haijachaguliwa. Kwa mtu aliyeanza na pauni 450, hicho hakikuwa kishawishi kidogo. Hakukubali.

Mwezi Agosti mpigaji Roger Prideaux aliugua, na D'Oliveira akaitwa kuziba nafasi katika Testi ya mwisho kwenye uwanja wa The Oval. Akiwa na mikimbio 31 mdaka mpira wa Australia, Barry Jarman, aliukosa mpira uliokuwa wa kumtoa. Alitolewa alipofikisha 158. Siku ya mwisho mvua kubwa ilifurika uwanjani, na watazamaji wakashuka kusaidia kukausha nyasi. Wakati Waaustralia walipokuwa wakielekea kupata sare, D'Oliveira alipewa mpira akamtoa Jarman, kisha Derek Underwood akawamaliza waliobaki zikiwa zimesalia dakika chache.

Usiku wa 27 Agosti wachaguzi walikaa hadi alfajiri. Timu ilipotangazwa siku iliyofuata, jina la D'Oliveira halikuwamo. Alisikia habari hiyo redioni akiwa na wenzake wa Worcestershire, na alilia. Mwenyekiti wa wachaguzi, Doug Insole, alieleza kuwa uamuzi ulitokana na kriketi peke yake. Maelezo hayo ni magumu kuyapokea ukizingatia 158 za siku chache kabla yake, ingawa ni kweli kwamba ziara ya West Indies ilimpunguzia alama. Wanachama wa MCC waligawanyika; David Sheppard, askofu wa baadaye na nahodha wa zamani wa Uingereza, aliongoza kundi lililopinga.

Tarehe 16 Septemba Tom Cartwright, mrushaji, alijitoa kwa sababu ya jeraha la bega, na D'Oliveira akateuliwa badala yake. Kesho yake Vorster alihutubia Bloemfontein akidai kwamba hiyo si timu ya MCC tena bali ni ya maadui wa kisiasa wa Afrika Kusini, na haitakaribishwa. MCC ilifuta ziara tarehe 24 Septemba.

Matokeo

Kutoka hapo ilikuwa vigumu kusema kwamba michezo na siasa ni vitu mbalimbali, kwa kuwa aliyevichanganya hadharani alikuwa Vorster mwenyewe. Afrika Kusini ilipotarajiwa kuzuru Uingereza mwaka 1970, vijana wakiongozwa na Peter Hain waliandaa maandamano, na nchi za Afrika zilitishia kususia Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Serikali ya Uingereza iliomba ziara ifutwe, ikafutwa. Testi ya Afrika Kusini dhidi ya Australia mwezi Machi mwaka huo ikawa ya mwisho kwao hadi 1992.

D'Oliveira mwenyewe alizungumza kidogo sana katika kipindi chote hicho. Baadhi ya wanaharakati walitamani apaze sauti zaidi, lakini yeye alishikilia kwamba kazi yake ni kucheza.

Miaka ya baadaye

Mapema mwaka 1969 alifunga 114 bila kutolewa mjini Dhaka, wakati huo ukiwa ndani ya Pakistan, katika uwanja mbovu uliowashinda wengine. Alikuwa katika timu iliyowashinda Australia kwao mwaka 1970–71, na alicheza mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa ya siku moja, mjini Melbourne, Januari 1971. Testi yake ya mwisho ilikuwa mwaka 1972. Kwa jumla alifunga mikimbio 2,484 kwa wastani wa 40.06, akivuka mia mara tano, na alichukua wiketi 47.

Aliendelea na Worcestershire hadi 1980, kisha akawa kocha wake. Chini yake kaunti ilitwaa ubingwa mwaka 1988 na 1989. Mwanawe Damian aliichezea kaunti hiyohiyo, na mjukuu wake Brett amekuwa nahodha wake.

Mwaka 2000 alitajwa miongoni mwa wachezaji kumi bora wa Afrika Kusini wa karne ya ishirini, ingawa hakuichezea nchi hiyo hata mechi moja ya Testi. Tangu 2004 Uingereza na Afrika Kusini hushindania kombe la Testi lenye jina lake. Alitunukiwa nishani ya CBE mwaka 2005. Aliugua maradhi ya Parkinson kwa miaka mingi, akafariki Uingereza.