Sanduku la Vitabu Katika Mpaka wa Busia na Tororo

Mpaka upitao Busia na Malaba haukuchorwa na watu inaowagawanya. Tarehe 1 Aprili 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya, na tangu hapo Wasamia na Waiteso wamekuwa ndugu wa nchi mbili. Wapadhola wa Tororo walibaki upande wa Uganda.

Vitabu, hata hivyo, viliwahi kuuvuka mpaka huo chini ya uangalizi mmoja. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards, makao yake Nairobi. Bureau ilichapisha vitabu kwa Kiswahili, Kiganda, Kijaluo na lugha nyinginezo. Tena ilikuwa na maktaba ya posta na masanduku ya vitabu yaliyoazimwa kwa shule na vituo vya jamii. Sanduku likisha kusomwa lilirudi, likaja jingine. Kisha kila nchi ikatunga sheria yake ya maktaba, Uganda mwaka 1964 na Kenya mwaka 1965, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 Bureau nayo ikatoweka.

Tangu wakati huo majirani wanaopeana vitabu hupeana aghalabu vile vilivyochapwa Nairobi au Kampala kwa ajili ya mitihani. Mtoto wa Kiteso aweza kusoma rundo zima asikutane na jina la bibi yake hata mara moja.

Hapa sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kujitazama. Gavana Gowers alipotaka, katika miaka ya 1927 na 1928, Kiswahili kifundishwe kwa upana nchini Uganda, Kabaka Daudi Chwa alipinga akihofia lugha ya watu wake. Tulizoea kumlaumu, lakini hofu ile haikuwa ya bure. Sasa kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda, Julai 2022, liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima, nguvu iko upande wetu, na swali ni nani tutampa nafasi sandukuni.

Vitabu vipo, ila havijuani. Tangu 2007 shule za Uganda hufundisha madarasa ya kwanza kwa lugha za wenyeji, kwa hiyo vitabu vya Kiateso vya Tororo vyaweza kuvuka hadi Amagoro, upande wa Kenya, ambako vinahitajika sana. Kwa upande mwingine, historia ya Wajaluo wa kusini aliyoiandika Bethwell Ogot, iliyochapwa Nairobi mwaka 1967, inawaeleza Wapadhola; ni ya Tororo kama ilivyo ya Kisumu, ingawa iko kwa Kiingereza.

Kisamia kina vichache zaidi. Basi mwalimu na aandike kwa mkono, katika daftari, hadithi aliyosimuliwa na bibi yake, aweke tafsiri ya Kiswahili ukurasa wa pili, na daftari hilo liingie sandukuni pamoja na vingine, livuke Busia kwenda na kurudi.