Usawa Ndani ya Vyama vya Ukombozi

Mtu asimamaye Mbamba Bay, katika ufuko uliokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012, huitazama Malawi ng'ambo ya ziwa, nayo Msumbiji iko karibu upande wa kusini. Sheria za nchi hizi tatu juu ya watu wa mapenzi ya jinsia moja hazilingani. Tanzania Bara, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho asili yake ni utawala wa Waingereza, hutoa adhabu ya miaka 30 hadi maisha. Malawi, Mahakama Kuu ilikataa mwaka 2024 kuifuta sheria ya namna hiyo. Msumbiji iliiacha katika kanuni mpya iliyoanza kutumika mwaka 2015.

Historia ya vyama vya ukombozi yaonyesha jinsi madai ya usawa yawezavyo kukua ndani ya chama. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake wakaingia Niassa kwa njia ya Ruvuma. Mwaka 1967 kiliundwa kikosi cha wanawake, ingawa baadhi ya wanaume walipinga. Wanawake walishikilia kwamba chama kipiganiacho uhuru hakiwezi kuwanyima uhuru huo wanachama wake.

Hoja kama hiyo ilisikika baadaye katika ANC, iliyohifadhiwa miaka mingi Tanzania, hasa Morogoro. Mwaka 1987 Ruth Mompati, mmoja wa viongozi wake, alisema huko London kwamba haki za watu hao si suala la chama. Lawama zilipozidi, Thabo Mbeki aliandika mwaka huo huo kwamba ukombozi wawahusu wao pia. Nchini Afrika Kusini kwenyewe, Simon Nkoli, mshtakiwa wa uhaini katika kesi ya Delmas, aliwaeleza wazi hali yake viongozi wa UDF walioshtakiwa pamoja naye. Nacho chama cha OLGA, kilichojiunga na UDF, kikapeleka mapendekezo yake kwa kamati ya katiba ya ANC. Kifungu cha 9 cha Katiba ya 1996 kikaukataza ubaguzi huo.

Nchini Tanzania, CCM ina jumuiya za wanawake, vijana na wazazi. Watu hawa hawana jumuiya yao. Nkoli na OLGA walisema wakiwa wenzi katika mapambano, hata ikawa vigumu kuwapuuza. Mwananchi wa Mbinga aliye katika hali hiyo aweza kulipa ada ya chama na kupiga kura, lakini neno hilo hathubutu kulitamka mkutanoni.