Mpatanishi wa Rhodes

Tarehe 13 Januari 1949 wajumbe wa Misri na wajumbe wa Israeli walikutana katika kisiwa cha Rhodes, nchini Ugiriki, ili kuzungumza habari za kusimamisha vita. Wote walikaa katika hoteli moja, kila upande na ghorofa yake, na mwanzoni Wamisri hawakutaka kuketi meza moja na Waisraeli. Aliyewakusanya alikuwa Ralph Bunche, Mmarekani Mweusi, mtumishi wa Umoja wa Mataifa. Mtu huyo hakuwa mgeni kabisa kwetu. Mwaka wa 1937, alipokuwa akisoma London, alifundishwa Kiswahili na Jomo Kenyatta, na mwaka uliofuata akaja Kenya akakaa kwa muda kati ya Wakikuyu, nao wakampa jina la Kariuki.

Ili tuuone ugumu wa kazi yake, yatupasa kurudi nyuma kidogo. Palestina ilitawaliwa na Waturuki kwa miaka mia nne, mpaka walipotolewa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka wa 1917, kabla vita hivyo havijaisha, serikali ya Uingereza ilitangaza, kwa barua ya waziri wake Balfour, kwamba yakubali Wayahudi wapate makao ya taifa lao katika Palestina. Na katika barua ile ile ikasema kwamba haki za wenyeji wasio Wayahudi zisidhuriwe. Wakati ule wenyeji walio wengi walikuwa Waarabu. Maneno hayo mawili hayakuweza kukaa chungu kimoja. Wayahudi walikuwa wameteswa Ulaya kwa karne nyingi, kisha milioni sita kati yao wakauawa na Wanazi. Waliosalia wakatafuta mahali ambapo hawatafukuzwa tena. Waarabu nao waliuliza kwa nini wao, ambao hawakutenda uovu huo, walipe deni lake kwa ardhi yao. Mtu asikilizaye upande mmoja tu hataielewa habari hii hata kidogo.

Tarehe 29 Novemba 1947 Umoja wa Mataifa ulipiga kura, 33 kwa 13, kwamba nchi igawanywe. Viongozi wa Wayahudi walikubali, Waarabu walikataa. Mapigano yakaanza kati ya wenyeji wenyewe, na dola ya Israeli ilipotangazwa tarehe 14 Mei 1948, majeshi ya nchi za Kiarabu za jirani yaliingia vitani. Katika vita hivyo Waarabu wa Palestina wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao, na vita vilipokwisha hawakuruhusiwa kurudi.

Mpatanishi wa kwanza aliyetumwa alikuwa Folke Bernadotte wa Sweden. Tarehe 17 Septemba 1948 alipigwa risasi akafa katika Yerusalemu, pamoja na afisa mmoja wa Kifaransa aliyeketi kando yake. Waliomwua walikuwa Wayahudi wa kundi la siri lililochukia mashauri yake. Bunche alipaswa kuwa pamoja naye siku ile, lakini alichelewa njiani. Basi kazi ya marehemu ikamwangukia yeye.

Huko Rhodes Bunche hakuanza na mambo makubwa. Aliwaomba kwanza wakubaliane juu ya orodha ya mambo ya kuzungumzwa, wakaitia sahihi, ili wazoee kukutana na kuandika majina yao kwenye karatasi moja. Neno liliposhindikana, alikwenda chumba hata chumba, akisikiliza huku na kupeleka kule, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aliyeandika maneno ambayo kila upande ungeweza kuyameza. Alikesha usiku mwingi. Husimuliwa pia kwamba aliagiza sahani za udongo za kisiwa kile ziwe ukumbusho, akawaonyesha wajumbe, akasema kwamba wakipatana kila mtu atapewa yake, na wasipopatana atawavunjia vichwani! Mzaha kama huo hufaa tu kwa mtu ambaye pande zote mbili zimekwisha kumwamini.

Jambo moja zito lilikuwa la Faluja, ambako askari wa Misri wapatao 4,000 walikuwa wamezingirwa kwa miezi kadhaa. Mmoja wao alikuwa afisa kijana aitwaye Gamal Abdel Nasser. Hatimaye ilikubaliwa watoke na kurudi kwao, na Al-Auja, mahali penye njia ya kuingilia Sinai, pasiwe na majeshi. Hati ikatiwa sahihi tarehe 24 Februari. Lebanoni ilifuata mwezi wa Machi, Jordan mwezi wa Aprili, na Siria mwezi wa Julai. Mwaka wa 1950 Bunche alipewa Nishani ya Amani ya Nobel, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuipata.

Lakini tusikosee juu ya kitu kilichopatikana. Hati zile zilikuwa za kusimamisha vita, wala si mikataba ya amani. Mstari uliochorwa ramani kwa rangi ya kijani ulionyesha majeshi yamesimama wapi. Haukuwa mpaka uliokubaliwa. Tena Waarabu wa Palestina wenyewe hawakuwa na mjumbe wa kutia sahihi, ingawa habari yote ilihusu nchi yao. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kasoro kubwa kuliko zote, ijapokuwa ni vigumu kumlaumu Bunche, ambaye alitumwa kusimamisha bunduki, na kweli alizisimamisha.

Vita vikarudi mwaka wa 1956, tena mwaka wa 1967, tena mwaka wa 1973. Bunche alikufa Desemba 1971, hakuona Anwar Sadat wa Misri akishuka katika ndege Israeli, Novemba 1977, wala mkataba wa amani wa nchi hizo mbili, uliotiwa sahihi tarehe 26 Machi 1979. Sadat aliuawa na askari wa jeshi lake mwenyewe mwaka wa 1981. Yitzhak Rabin wa Israeli, aliyepatana na Wapalestina mwaka wa 1993, aliuawa na Myahudi mwenzake mwaka wa 1995. Alipokuwa kijana, Rabin alikuwa mmoja wa wajumbe waliokaa katika hoteli ile ya Rhodes.