Matumbawe, Chokaa na Mfupa: Historia ya Kiunzi cha Mfupa Ikitazamwa kutoka Wesha, Pemba

Historia ya viunzi vya kuotesha mfupa huandikwa kana kwamba ilianzia maabara. Mtafiti anapendekeza ianzie baharini. Magharibi ya Wesha, kwenye ncha ya rasi, yamo magofu ya Ras Mkumbuu: msikiti na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Wajenzi wa kale wa pwani waliyapenda matumbawe ya jamii ya Porites kwa sababu huchongeka vizuri yakiwa mabichi, kisha hukazika yakikauka. Mengine yalichomwa yakawa chokaa.

Jiwe hilohilo ndilo lililoingia katika tiba. Mwaka 1974, Roy na Linnehan walieleza katika jarida la Nature jinsi matumbawe, ambayo ni kaboneti ya kalsiamu, yanavyoweza kugeuzwa haidroksiapatiti, madini yanayokaribiana sana na yale ya mfupa. Yaliwekwa katika myeyusho wa fosfeti chini ya joto na mgandamizo. Kemia ikabadilika, vitundu vikabaki. Vitundu hivyo ndivyo kiini cha jambo lenyewe, maana seli na mishipa ya damu huhitaji njia ya kupita.

Umuhimu wake Pemba hauhitaji maelezo marefu. Mchumaji aangukaye mkarafuuni huweza kuvunjika mfupa. Mhazigi huunyoosha na kuufunga kwa mabanzi, na mivunjiko mingi huunga. Ila pale kipande cha mfupa kinapopotea, banzi halina la kufanya. Daktari naye hulazimika kukata mfupa wa nyonga ya mgonjwa ili kuziba pengo, yaani jeraha la pili kwa ajili ya la kwanza.

Chembechembe za nano zimeingia hapo. Fuwele za madini ya mfupa zenyewe ni za kipimo cha nanometa, hivyo haidroksiapatiti ya kiasi hicho, ikichanganywa na kolajeni au polima, huipa seli uso mpana wa kushikamana. Chembe za fedha huongezwa kuzuia bakteria. Hata hivyo, viunzi vingi vya aina hii vingali katika majaribio ya maabara na ya wanyama, na mtafiti haoni sababu ya kuviita ukombozi.

Tena, matumbawe si ya kuvunwa: Misali, kisiwa kinachokabili pwani hii, ni hifadhi tangu 1998. Kalsiamu hiyohiyo imo katika makombe ya chaza na mifupa ya samaki inayotupwa kila siku.