Nyiragongo: mlima uliopasuka kabla ya kuonya

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, muda mfupi baada ya jua kutua, anga la mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, liligeuka jekundu. Mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, ulikuwa umepasuka ubavuni, na lava ilikuwa ikiteremka kuelekea mjini. Ilitiririka kwa takriban saa sita, kisha ikasimama katika viunga vya kaskazini, si mbali na uwanja wa ndege. Watu wasiopungua 30 walifariki dunia. Wakazi hawakuwa wamepewa tahadhari yoyote.

Lawama zilielekezwa upesi kwa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma. Ni kweli kwamba kituo hicho kilikuwa kimepungukiwa na fedha, hata kikakosa intaneti kwa miezi kadhaa. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la kisayansi la Nature ulionyesha jambo zito zaidi: dalili ambazo wataalamu huzitazamia hazikuonekana.

Kwa kawaida, magma, yaani mawe yaliyoyeyuka ndani ya ardhi, hupanda kwa kupasua miamba. Mpasuko huo huleta matetemeko madogo, mlima huvimba kwa sentimita chache, na gesi zinazotoka hubadilika. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002, ambapo mtaalamu wa Kikongomani, Dieudonné Wafula, alitoa tahadhari mapema, lakini haikuzingatiwa ipasavyo. Lava ilipita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Gisenyi, nchini Rwanda.

Nyiragongo hauna tabia ya milima mingi. Katika kreta yake kuna ziwa la lava, ambalo mtafiti Haroun Tazieff alilichunguza kuanzia mwaka 1948. Magma basi haina haja ya kupanda, kwani tayari iko juu, imezuiwa na kuta za mlima tu. Tarehe 10 Januari 1977 kuta hizo zilipasuka, na ziwa zima likamwagika kwa muda usiotimia saa moja.

Kasi hiyo inaelezwa na kazi ya maabara. Vipande vya lava vilivyokusanywa mlimani hupimwa kemikali zake, na ile ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, takriban asilimia 40 au pungufu. Silika ndiyo huipa lava uzito wa uji. Ikipungua, lava hutiririka karibu kama mafuta. Katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, watafiti huyeyusha mawe ya volkano katika tanuri na kuyamwaga juu ya mchanga, ili waone jinsi mto wa lava unavyotanda na kupoa. Wengine hutumia gelatini, ile inayotumiwa jikoni: wakiingiza maji ya rangi chini yake, hujitokeza ufa mwembamba kama upanga, unaosogea upande ulio rahisi kupasuka. Jaribio hilo, dogo kiasi cha kuwekwa mezani, lasaidia kueleza yaliyotokea chini ya miguu ya watu wa Goma.

Kwa mujibu wa utafiti wa 2022, mwaka 2021 mambo yalikwenda kinyume. Mlima ulipasuka kwanza, lava ikamwagika, na baadaye ndipo magma ikasogea kusini chini ya ardhi kwa umbali wa kilomita 25. Ilipita chini ya Goma, Gisenyi na Ziwa Kivu, katika kina kisichofika mita 500. Matetemeko yaliyoangusha majengo pande zote mbili za mpaka yalitokana na safari hiyo, na tarehe 27 Mei mamlaka ikaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe.

Hofu kubwa ilikuwa ziwa lenyewe. Maji yake ya chini yamehifadhi methani na kaboni dioksaidi kwa wingi. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana likilinganishwa na Kivu, lilitoa gesi ghafla na kuua watu wapatao 1,700. Kivu halikufanya hivyo. Lakini gesi hiyo hiyo hutoka ardhini kandokando ya Goma na kutuama mabondeni, ikiua mifugo na watu. Wenyeji huiita mazuku, na neno hilo sasa wanasayansi wa dunia nzima wanalitumia.

Uchunguzi unaendelea kwa vipimatetemeko, vipokezi vya GPS, vifaa vya kupima gesi na picha za rada kutoka angani. Vita hufanya baadhi ya vituo visifikike, na vifaa vingine huibwa. Tangu mwaka 2021 lava imeonekana tena ndani ya kreta. Kwa mlima wa namna hii, tahadhari inaweza kuwa ya dakika tu, wala si ya siku, hivyo barabara za kukimbilia zinapaswa kujulikana na kila kaya kabla mlima haujapasuka.